Nimeapa kumtegemea Mungu peke yake, sasa natafuta mtu wa kumwachia ufunguo

BARUA

Dada, Bwana Yesu asifiwe, na shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 43, nauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi, magauni ya watoto na blauzi za kike. Mume wangu ni dereva wa lori. Akishaishika njia ya Tunduma naweza kumaliza wiki mbili au tatu namsikia kwenye simu tu. Tuna watoto watatu, wa mwisho yuko darasa la nne. Nimeokoka tangu 2009.

Mwaka 2019 tulianzisha kikundi cha kuweka na kukopa, wanawake 22, karibu wote wa jumuiya moja ya kanisani. Tulikuwa tunakutana Jumamosi jioni nyumbani kwa mweka hazina, ambaye nitamwita Mama K. Huyu hakuwa mtu baki kwangu. Ndiye aliyenisimamia kwenye ndoa, na mama yangu alipofariki alilala kwangu siku nne anapika na kuosha vyombo vya msiba.

Sanduku letu lilikuwa na makufuli matatu, na utaratibu ulisema funguo zikae kwa watu watatu tofauti. Mmoja wao nilikuwa mimi. Mwanzoni tulifuata, baadaye ikawa usumbufu. Huyu kaenda Rombo kwenye msiba, yule kachelewa sokoni, watu wamekaa wanangoja ufunguo. Siku moja nikasema mbele ya wote, "Jamani, kwani Mama K atatuibia?" Watu wakacheka. Tukampa zote. Alizifunga tatu pamoja kwenye pindo la kanga yake, tukaomba, kikao kikaanza.

Desemba 2022, siku ya kuvunja kikundi na kugawana akiba, kila mtu ameshapigia hesabu hela ya Krismasi, sanduku likafunguliwa. Ndani kulikuwa na daftari, kalamu mbili, na shilingi laki moja na elfu arobaini. Alikuwa akichota kidogo kidogo kumlipia kijana wake deni. Mimi nilipoteza milioni mbili na laki sita. Kabla hatujatoka pale mwenzangu mmoja akanigeukia: "Si wewe uliyesema hawezi kutuibia?" Mzee wa kanisa akaja akatuombea, akasema mambo ya wapendwa hayapelekwi polisi, tusamehe. Hela itarudi vipi hakuna aliyeuliza.

Usiku ule nilifungua Biblia nikakutana na Yeremia 17:5, "Amelaaniwa mtu yule amtegemeaye mwanadamu." Niliona ni barua yangu. Nimeiandika kwenye karatasi ngumu nikaibandika juu ya cherehani. Jumuiya sijarudi, Jumapili naingia ibadani wakiwa wameshaanza na natoka kabla ya mnada wa sadaka. Mume wangu simwambii meza inaingiza kiasi gani. Sikopi, sikopeshi. Nikiulizwa habari nasema Mungu ni mwema. Na nilipata amani, dada, au kitu nilichokiita amani.

Mwaka huu nimegundulika na uvimbe kwenye kizazi. Natokwa na damu nyingi mpaka naona kizunguzungu nikiinama kufungua belo. Daktari amesema nipasuliwe, na baada ya hapo nisinyanyue kitu kizito kwa wiki sita. Nimeshaahirisha mara mbili. Mara ya mwisho muuguzi aliniambia nipeleke watu wawili wa kuchangia damu. Nilikaa kwenye benchi pale nje, nikafungua simu, nikayapitia majina kuanzia A. Nilifika mwisho bila kupata wawili wa kuwapigia.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, amejitolea kunikalia mezani. Ni binti mchapakazi, lakini Mama K naye alikuwa mchapakazi.

Halafu mwezi uliopita mama mzazi wa Mama K alishuka kutoka Old Moshi. Bibi wa miaka sabini na kitu, kashika isale mkononi, lile jani la Kichaga la kuombea amani. Alikataa kukaa. Alisimama mlangoni akasema mwanawe atanirudishia elfu hamsini kila mwezi na anaomba nimpokee. Sikuweza kumwambia bibi yule aondoke nayo. Niliipokea, nikaitia kwenye chupa ya maji dirishani. Mpaka leo mbichi. Mume wangu alirudi akaiona, hakuuliza kitu.

Wiki iliyopita kwenye maombi ya asubuhi mhubiri alisema anayeegemea wanadamu anamkasirisha Mungu. Nililia mpaka watu wakadhani nina mapepo. Nikimpa wifi ufunguo wa stoo na nikimpokea yule mama, si nitakuwa nimerudi kule kule kwenye laana? Au nimngoje Bwana anifungulie njia isiyopitia kwa watu?

*Nimebaki na Mungu tu, Moshi*

JIBU

Ameni, mdogo wangu, na marahaba.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilikwama mahali pamoja: pale kwenye benchi, na simu mkononi. Kwa hiyo kabla ya Yeremia na kabla ya Mama K, naomba tuanze na damu. Mtu anayetokwa na damu mpaka anaona kizunguzungu akiinama, damu yake inapungua kila mwezi, na kila unapoahirisha unapanda kile kitanda ukiwa dhaifu zaidi. Mimi si daktari. Lakini naomba wiki hii urudi kwa daktari wako umwambie ukweli wote, pamoja na hicho kizunguzungu na sababu iliyokufanya uahirishe. Atakwambia kama kuna muda wa kungoja au hakuna.

Sasa tuliangalie swali lako kama nilivyolielewa. Uliumizwa na mtu uliyempenda, mbele ya watu mlioomba nao, na waliopaswa kukutetea wakakuomba unyamaze. Ukatafuta mahali pasipoibiwa, ukapapata kwenye mstari mmoja wa Biblia. Mstari huo umekutunza. Siubezi. Kuna watu waliopigwa kama wewe wakaiacha imani yote, wewe ulikimbilia ndani yake. Ila sasa mwili wako unadai watu: wawili wa damu, mmoja wa meza, na wa kukuletea uji wodini. Unaogopa kwamba kuwaita ni kumsaliti yule aliyekutunza.

Turudi kwenye karatasi iliyo juu ya cherehani. Sisi watu wa kanisani tuna tabia ya kuikata aya kama fundi anayekata kitenge, tunachukua kipande kinachotutosha. Aya ile inaendelea: "amfanyaye mwanadamu kuwa kinga yake, na moyoni mwake amemwacha BWANA." Yeremia alikuwa akisema na taifa lililomwacha Mungu moyoni na kuweka tumaini lake kwenye nguvu za watu. Mbele kidogo, sura ya 37, utawaona wanalitazamia jeshi la Farao lije liwaokoe na Wababeli, naye anawaambia jeshi hilo litarudi Misri. Hakuwa akisema na mama anayetafuta mtu wa kumshikia meza wiki sita.

Na mtu mwenyewe aliyeyasema hayo aliishije? Hapa ndipo napenda kukaa, kwa hiyo nivumilie.

Katika sura ya 32 Yeremia amefungwa, mji umezingirwa, na binamu yake Hanameli anamjia na habari ya shamba la Anathothi. Ni ndugu wa damu, na jambo lenyewe Mungu alikuwa ameshamwambia litakuja. Ungetegemea apokee shamba kwa neno la mdomo, kwani Mungu si amesema? Hapana. Alipima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi watie sahihi. Kisha akampa Baruku hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, aziweke kwenye chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mtu aliyemtumaini Mungu kiasi cha kununua shamba ambalo adui ameshalikalia, bado hakuona aibu kuita mashahidi.

Nadhani unaona naelekea wapi. Makufuli matatu ya sanduku lenu hayakuwa dharau kwa Mama K. Yalikuwa yanamlinda na yeye pia, maana mama mwenye mtoto anayedaiwa, na sanduku liko chumbani kwake, na funguo zote ziko kwenye pindo la kanga yake, yuko kwenye jaribu ambalo sijui wangapi kati yetu wangelivuka. Simtetei, aliiba. Nasema tu kwamba mlimwachia mzigo ambao utaratibu ulikuwa umeugawa kwa watatu.

Na wewe kuna sentensi umeipitisha haraka kwenye barua: "Jamani, kwani Mama K atatuibia?" Nahisi hiyo ndiyo inayokuuma kuliko zile milioni mbili na laki sita. Wanawake 22 waliisikia, wakacheka, wakakubali. Kutoa ufunguo kwa uzembe ni kosa, na kuchota hela za watu ni kosa lingine lenye mwenyewe. Yule aliyekugeukia siku ile alikuwa amepoteza hela na anatafuta mtu wa karibu wa kumtwika. Umeubeba mzigo huo tangu Desemba 2022. Je, una hakika huwa unasema, "Sitawaamini watu tena"? Au kwa chini chini unasema, "Sitaiamini tena akili yangu inayochagua watu"? Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake hazifanani.

Nina swali lingine, nalo naliuliza taratibu. Unasema umebaki na Mungu tu. Hela unajua wewe peke yako, ugonjwa ulikuwa unaujua wewe peke yako, stoo ufunguo ni wako peke yako. Huoni kwamba leo funguo zote tatu ziko kwenye pindo la kanga yako? Sura hiyo hiyo ya 17, aya ya 9, inasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, yaani na huu wa kwetu umo. Sikwambii kwamba humtegemei Mungu. Naomba tu ujiulize, usiku kukiwa kimya, ni siku zipi ulikuwa umemwegemea yeye na ni siku zipi ulikuwa umejiegemea wewe.

Bado sijamaliza na Yeremia. Sura ya 38 wanamtupa kwenye shimo la matope, anazama. Aliyemtoa ni Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme, na watu 30 nyuma yake. Na hakutupa kamba tu. Alipitia kwanza mahali palipowekwa nguo kuukuu na matambara, akayashusha shimoni, akamwambia Yeremia ayaweke kwapani chini ya kamba isimchune. Wewe unayeuza nguo zilizovaliwa na wengine, soma hapo polepole. Aliyesema amelaaniwa amtegemeaye mwanadamu aliyaweka yale matambara kwapani, akavutwa. Na sura ya 39 Mungu anamwahidi huyo Mkushi kumwokoa, kwa sababu alimtumaini Yeye. Kwa hiyo siku ile palikuwa na watu wawili wanaomtumaini Mungu, mmoja chini shimoni na mwingine juu ameshika kamba.

Tuje kwa wifi. Hatari ipo, sitakudanganya. Anaweza kuuza vibaya, anaweza kushindwa na hesabu, na likitokea la kutokea halitaishia mezani, litafika kwa mume na kwa mama mkwe. Kuifunga meza wiki sita ni njia nyingine, na kama akiba inatosha si ujinga, ingawa unajua wateja wa Memorial wakikuta turubai limefungwa mara mbili wanahamia kwa jirani. Ukiamua kumpa, hulazimiki kumpa kila kitu. Stoo inaweza kubaki imefungwa, ukamtolea belo moja, mkahesabu pamoja kipande kwa kipande, namba mkaiandika kwenye daftari lenye sahihi zenu wote wawili. Malipo ya simu yaingie kwenye lipa namba yako. Jioni anakutumia picha ya ukurasa wa siku. Na mlipe, tafadhali. Mapatano ya ujira yafanyike kabla hujaingia wodini. Wifi anayefanya kazi wiki sita kwa "asante, Mungu atakulipa" ana sababu ya kujilipa mwenyewe. Ukiogopa ataona humwamini, mweleze yaliyokupata na sanduku. Sijui kama anajua.

Kuhusu mume wako sina mengi, kwa kuwa hukuniambia kwa nini unamficha mapato, na huenda una sababu ambayo si ya kuandika kwenye barua. Ninachokiona ni mwanamume aliyerudi kutoka safari ndefu akakuta isale kwenye chupa dirishani, akanyamaza. Kama amekulia uchagani anajua kabisa isale haiji nyumbani yenyewe. Labda anangoja umwambie. Labda naye anaogopa kuuliza. Wewe unamfahamu.

Sasa hiyo isale. Wasomaji wa mbali niwaambie kwamba kwetu mmea huu hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, hupandwa makaburini, na mtu aliyekosa akija nao mkononi anaomba amani, na ni vigumu sana kumkatalia. Wapo walokole wanaouona ni tambiko. Wapo wachungaji wa huku huku wanaouona ni lugha tu ya wazee wetu ya kusema nimekosa. Ukutani una aya, dirishani una jani, nawe umekaa katikati. Sikulaumu kwa kuchoka.

Nijuavyo mimi, kuipokea isale ni kukubali kuzungumza. Haifuti deni na hairudishi mtu kwenye uweka hazina. Unaweza kumsamehe Mama K kabisa, mkalia, mkashikana mikono, na usimpe ufunguo wa kitu chochote maisha yako yote. Unaweza pia kuona moyo bado haujafika hapo, ukamwambia bibi kwamba umeisikia salamu na utajibu ukipona. Ninalokuonya ni kusamehe kwa sababu umeagizwa. Ulishaagizwa mara moja, Desemba ile, na unaona kilichozaliwa.

Na ile elfu hamsini ipigie hesabu. Milioni mbili na laki sita kwa elfu hamsini ni miezi 52, zaidi ya miaka minne. Je, ni kwako peke yako, au na wenzako wote watapewa? Kama ni wote, kila mwezi anahitaji zaidi ya milioni moja, na sijui ataitoa wapi. Kama ni wewe tu, wenzako wakijua itakuwaje? Pengine Mama K anaanza na wewe kwa kuwa wewe ndiye aliyekupenda zaidi. Pengine anaanza na wewe kwa kuwa anajua moyo wako ni laini. Kabla hujapokea shilingi ya kwanza, ahadi hiyo iandikwe, tarehe ziwekwe, mashahidi wawepo, ikiwezekana na mwenyekiti wa mtaa. Yeremia hakuona ni dhambi.

Pale mzee wa kanisa aliposema mambo ya wapendwa hayapelekwi polisi, naamini alitaka kuzuia aibu. Lakini kusamehe hakumfungi mtu mdomo, na haki yako ya kudai ni yako, utumie au usitumie. Tena vikundi vya namna yenu vina sheria siku hizi, ile ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na vinatakiwa visajiliwe kupitia halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako anaweza kukueleza kama mlikuwa mmesajiliwa na kama kuna la kufanya sasa. Kwenda kumsikiliza hakukulazimishi kumshtaki mtu.

Uliuliza kama umngoje Bwana akufungulie njia isiyopitia kwa watu. Sijui njia zake zote. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ile chupa ya damu watakayoitundika juu ya kitanda chako itakuwa imetoka kwenye mkono wa mtu, na huenda hutamjua jina wala dhehebu.

Basi ichukue tena ile simu. Safari hii usitafute watu wa kuwaamini kwa kila kitu, tafuta wawili wa kuchangia damu tu. Wifi yako yuko tayari kukaa mezani wiki sita, muulize kama na mkono atatoa. Wa pili sijui ni nani, ila mlikuwa 22. Mmoja alikunyooshea kidole. Kati ya wale wengine yupo aliyetoka pale kimya, kapoteza kama wewe, hajakusema kwa mtu, na hujampigia tangu siku ile. Mwanzie na salamu.

Tarehe ya kulazwa ukipewa niandikie, nikukumbuke siku hiyo. Na ile isale ibadilishie maji, imekaa mwezi mzima. Jibu la bibi linaweza kungoja mpaka utoke wodini.